Saa ya msikiti wetu ina makosa, naomba isiguswe

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Wiki mbili nyuma mlichapa barua ya msomaji aliyelalamika kwamba hapa Chake Chake misikiti miwili ya mtaa mmoja inaadhini magharibi kwa kupishana dakika tatu. Aliuliza sisi tuliofunga tufuate upi, halafu akamalizia kwa ukali kidogo kuwa msikiti unaotangulia unawalisha watu mchana. Barua hiyo imesomwa barazani kwetu mara tatu, na kila ikisomwa watu wananigeukia mimi.

Wananigeukia kwa kuwa mimi ni fundi saa. Au nilikuwa. Nilianza ujanani na saa za ukutani za kutia ufunguo, nikaingia kwenye redio, na sasa macho hayaioni tena skrubu ya saa ya mkononi. Nimebakiwa na mchezo mmoja ambao mke wangu huwaambia wageni ni maradhi ya uzee. Saa kila mtu anaitazama. Mimi naipima inakwendaje. Wenzangu wanaamka usiku wa manane kwa tahajudi, mimi naamka kuandika tarakimu kwanza, ndipo nisali. Mungu anisamehe kwa mpangilio huo.

Naomba nafasi nijibu, na nakuomba Mhariri usinikate njiani, maana jibu lina kona.

Mwanangu aliyeko Maskati aliniletea kidude cha GPS, ukubwa wa kiberiti, hakina kioo wala vitufe. Kinasikiliza setilaiti, na kila sekunde kinatoa mpigo mmoja wa umeme kwenye waya. Kuyumba kwa mpigo huo ni kwa makumi ya nanosekunde tu, na nanosekunde ni sehemu moja katika bilioni ya sekunde. Ufundi wenyewe haumo ndani ya kidude, uko juu: kila setilaiti imebeba saa za atomu, kilomita 20,200 kutoka ardhini. Einstein alishaonyesha kuwa mvuto wa dunia ukipungua saa inakwenda mbio, na kwamba chombo kinachokimbia saa yake inavuta. Ukitoa hiki kwa kile, saa za setilaiti zinatangulia mikrosekunde 38 kila siku, yaani sehemu 38 katika milioni ya sekunde. Waliozirusha walizipunguza kasi kabla hazijaondoka. Wasingefanya hivyo, kosa lingekua kwa kilomita 11 hivi kila siku, na mvuvi wa Wesha anayekitafuta kisiwa cha Misali usiku kwa GPS angekuta bahari tupu.

Kifaa cha pili ni mita ya kuhesabia mapigo niliyoinunua Kariakoo ikiwa kuukuu, haina mfuniko. Nimeifunika kwa bati la kopo la maziwa. Cha tatu ni koili, yaani waya uliozungushwa, niliyoing'oa kwenye relei (swichi ya umeme) iliyoungua. Na cha nne ni mjukuu wangu, darasa la sita, mwenye mwandiko mzuri kunishinda.

Imamu wa msikiti unaolaumiwa alinikubalia kwa sharti moja, kwamba nisiifungue saa. Sikuwa na haja ya kuifungua. Ni saa ya betri ya ukutani, plastiki yenye rangi ya dhahabu na picha ya Kaaba, iliyotolewa na mtu aliyerudi Hija. Ndani ya saa kama hizi mna kijiwe cha kwatizi kilichochongwa mithili ya uma wa meno mawili. Kikipata umeme kinatetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Nambari hiyo haikuokotwa njiani. Igawe kwa mbili, kisha kwa mbili tena, mara kumi na tano, utabaki na moja. Na hiyo moja ndiyo inayourusha mshale wa sekunde. Kila mshale unaporuka, koili iliyomo ndani inapata umeme na sumaku yake inavuja nje ya plastiki. Basi nilichofanya ni kuibana koili yangu mgongoni mwa saa kwa mpira wa kufungia noti, nikaiunga na mita. Kila "ta" ya mshale ikawa mpigo kwenye mita yangu, na kila mpigo wa setilaiti ukaja upande wa pili. Nikawa nasoma umbali baina ya viwili hivyo, mjukuu anaandika, kila dakika tano.

Wazee wawili waliokuwa wakisoma Qur'ani waliacha, wakaja kutazama. Mmoja aliniuliza kama nasikia kitu. Nikamwambia nasikia nusu sekunde ikikua.

Tulipima vipindi vitatu, kila kimoja cha saa nzima. Baada ya adhuhuri saa ile ilitangulia milisekunde 17, yaani sehemu 17 katika elfu ya sekunde. Baada ya magharibi, 21. Baada ya alfajiri, 25. Tofauti hiyo ni ya joto. Kijiwe cha kwatizi kinapenda nyuzijoto 25. Ukikipa joto zaidi, au baridi zaidi, kinalegea. Adhuhuri chini ya paa la bati kipimajoto changu kilisoma 33, alfajiri 26. Kwa hiyo saa ya msikiti inakwenda haraka zaidi wakati watu wamelala, jambo ambalo mjukuu wangu aliliona la kuchekesha sana na mimi pia.

Wastani ni milisekunde 21 kwa saa, yaani nusu sekunde kwa siku, yaani sekunde 15 kwa mwezi. Saa ya hivyo huwezi kuiita mbovu. Saa nyingi nzuri za betri anazovaa mtu mkononi zimeruhusiwa na waliozitengeneza zikosee kiasi hicho hicho. Ila hii hakuna aliyeigusa. Mzee anayeutunza msikiti alikumbuka kwamba mara ya mwisho aliisawazisha kwa simu yake mkesha wa Idi el-Fitri iliyopita. Toka siku ile mpaka tarehe 3 Machi tuliyoipima ni siku 338. Nusu sekunde mara 338 ni sekunde 169, dakika mbili na sekunde 49. Nilipoilinganisha na kidude, saa ilikuwa mbele kwa dakika mbili na sekunde 50. Mjukuu akapiga ukelele humo humo msikitini, akanyamazishwa.

Msikiti wa pili sikuwa na kazi kubwa. Muadhini wake ni kijana, anaisawazisha saa kwa simu kila Ijumaa. Ilikosea kwa sekunde moja.

Hapo barazani wakataka kuifunga kesi. Msikiti unaotangulia saa yake ni mbovu, basi msomaji wenu ana haki. Nami ningekubali, laiti tungekuwa tunafuturu kwa saa.

Kabla sijaendelea, mniruhusu neno moja. Kugombania dakika kwetu si jambo jipya. Tarehe 27 Agosti 1896 Waingereza waliipiga mizinga kasri ya Sultani pale Forodhani, Unguja, wakaanza saa 3 na dakika 2 asubuhi. Vita hivyo vinatajwa duniani kote kuwa vifupi kuliko vyote. Vilichukua muda gani? Kitabu hiki dakika 38, kile 40, kingine 45. Nilipokuwa mdogo nikasema hawa wanabishana kuhusu vita. Nimekua nikajua wanabishana kuhusu saa: ni ya nani, imesawazishwa lini, na aliyeishika alihesabu mpaka mzinga wa mwisho au mpaka bendera iliposhuka. Baada ya mizinga ile ndipo mnara wa saa ulipowekwa mbele ya Beit al-Ajaib, na sote tulioishi Mji Mkongwe tumepita chini yake tukiinua shingo, mpaka ulipoporomoka na sehemu ya jengo tarehe 25 Disemba 2020 na kuua. Sijawahi kuipima saa ile. Inaniuma.

Turudi. Misikiti yote miwili imetundika jedwali moja la nyakati za sala. Nimelisoma kwa miwani miwili. Limehesabiwa kwa mji wa Zanzibar. Na gazeti lenu, Ndugu Mhariri, nalo huchapa safu moja tu, bila kusema ni ya wapi, lakini mimi nimeihesabu na ni ya Unguja.

Mzee mwenzangu mmoja, msomi, alinikatiza hapo. Akasema Unguja na Pemba ni nchi moja, saa moja, hata umeme sasa ni mmoja. Kwa umeme nilimkubalia, tena kwa ushahidi, kwa sababu umeme nao nimeupima. Nina redio ya kitandani ya zamani ambayo saa yake haina kijiwe. Inahesabu mapigo ya umeme wa ukutani, 50 kwa sekunde. Zamani Pemba tulipokuwa tukiwashiwa na mashine za dizeli pale Wesha, saa ile ilikuwa haikai. Dizeli ndivyo zilivyo kila pahala: magharibi watu wakiwasha taa mzigo unapanda, mashine inazama kidogo. Ikizama kutoka mapigo 50 hadi 49.5 kwa sekunde, saa ya namna hiyo inachelewa sekunde 36 kila saa moja. Mwaka 2010 tukaungwa na Tanga kwa waya wa chini ya bahari. Kuanzia hapo redio yangu ikawa inakwenda kwa mdundo wa mitambo ya Kidatu na Mtera, na sasa na ile mikubwa ya Rufiji, maana mitambo yote iliyoungwa kwenye gridi moja inazunguka kwa pamoja, haiwezi kuachana. Nilimpigia simu shemeji yangu wa Unguja, naye ana mita, tukasomeana namba kwa robo saa. Alipokuwa na 49.97 nami nilikuwa na 49.97. Alipopanda nilipanda.

Lakini jua, nikamwambia mzee, halikuungwa kwa waya.

Hili nalo nililipima, Oktoba iliyopita, uani kwangu. Kila mwaka tarehe 6 Oktoba au karibu na hapo, jua la Chake Chake linapita utosini kabisa. Hurudia tena kiasi cha tarehe 7 Machi. Siku hiyo mnazi unakanyaga kivuli chake. Nilichukua bomba la plastiki la inchi mbili, urefu wa mita tatu, nikalisimamisha kwa timazi niliyoazima kwa jirani mwashi, nikalifunga kwenye mpapai, na chini nikatandika karatasi nyeupe. Nikakaa na kofia na chupa ya maji. Saa 6, dakika 5 na sekunde 7 mchana, ukaingia ukucha wa mwanga kwenye ukingo wa karatasi. Ukanenepa mpaka ukawa duara zima, jeupe la kuumiza macho. Kisha ukaanza kuliwa upande wa pili, na saa 6, dakika 13 na sekunde 47 ukafa. Katikati ya nyakati hizo mbili ndiyo adhuhuri: saa 6, dakika 9 na sekunde 27.

Hesabu ya kalamu ilitaka iwe sekunde ishirini kabla. Nililirudia bomba na timazi. Lilikuwa limelalia magharibi milimita nne na nusu. Milimita nne na nusu katika mita tatu ni sekunde kama 20 za jua. Sijapata kufurahishwa na kosa kama nilivyofurahishwa na lile, kwani lilikuwa na mwenyewe.

Sasa kwa nini adhuhuri iwe dakika tisa na si saa sita kamili? Saa tunayoitumia Afrika Mashariki imepimwa kwa longitudo 45, na longitudo 45 inapita karibu na Mogadishu. Sisi tuko magharibi ya hapo. Dunia inazunguka nyuzi moja kila dakika nne, kwa hiyo jua likishafika kule, Chake Chake linafika baada ya dakika 21, na Mji Mkongwe baada ya dakika 23. Huo ni wastani. Njia ya dunia si duara kamili na dunia yenyewe imeinama, basi adhuhuri yetu inacheza: mwanzo wa Novemba huja saa 6 na dakika 4 na nusu, katikati ya Februari huvuta mpaka saa 6 na dakika 35. Wazee wa Nairuzi, mwaka wa kale wa pwani yetu, wasingeshangaa. Mwaka wao ni siku 365 kavu, hauongezwi siku, wakauhesabu kwa miongo ya siku kumi kumi na kulimia. Ukiupima kama ninavyoipima saa ya msikiti, ni saa inayotangulia sekunde 57 kwa siku. Wakaishi nayo karne na karne, na Makunduchi bado wanauoga.

Tofauti ya Chake Chake na Mji Mkongwe kwa longitudo ni dakika mbili na sekunde 20. Sisi tunatangulia. Kwa adhuhuri ni hiyo hiyo mwaka mzima. Ila kwa magharibi na alfajiri kuna jambo la pili ambalo hata mimi lilinikosesha usingizi mpaka nilipolichora: Pemba iko kaskazini ya Unguja, na urefu wa mchana wetu na wao haulingani sawasawa. Mwezi wa Juni mchana wa Unguja ni mfupi kidogo kuliko wetu, jua lao linawahi kuzama, na tofauti inaliwa mpaka inabaki sekunde 40 hivi. Disemba ni kinyume chake, tofauti inafika karibu dakika nne. Kwa hiyo ile kanuni ya barazani, "Pemba toa dakika mbili", haina mwezi ambao ni sahihi kwa magharibi isipokuwa kwa bahati.

Tarehe 3 Machi tofauti ya magharibi ilikuwa dakika mbili na robo tatu.

Nadhani msomaji wenu ameshafika nilikofika. Msikiti wa kwanza saa yake iko mbele kwa dakika mbili na sekunde 50, na jedwali lake liko nyuma kwa dakika mbili na sekunde 45. Makosa mawili yamekutana yakauana. Muadhini wake, bila mwenyewe kujua, alikuwa akiadhini sekunde tano kabla ya wakati ambao kalamu inasema jua la Chake Chake limezama. Msikiti wa pili, wenye kijana hodari na saa iliyosawazishwa kwa simu, ndio uliokuwa ukichelewa, kwa kuwa ulikuwa ukisubiri jua lizame Forodhani.

Kuchelewa futari dakika tatu ni njaa tu. Mimi si sheikh, lakini daku ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Alfajiri ya Pemba nayo inatangulia ya Unguja, mwezi wa Machi karibu dakika mbili. Anayekula daku kwa jedwali la Unguja, hapa kwetu, kijiko chake cha mwisho kinaweza kuwa ndani ya alfajiri. Wanaotengeneza majedwali kwa kawaida huacha dakika za tahadhari, kwa hiyo asiwepo mtu wa kuanza kulipa siku kwa sababu ya barua yangu. Fatwa waulizwe wenyewe.

Na redio za kwenye simu nazo! Baba yangu alikuwa akisawazisha saa yake kwa redio ya London, kwa vile vipigo sita vilivyoanza kurushwa na BBC tarehe 5 Februari 1924. Kutoka London hadi hapa ni kama kilomita 7,400, na mawimbi ya redio yanazikata kwa milisekunde 25. Mzee alikuwa na saa sahihi kuliko watu wengi wa leo. Ramadhani hii mke wangu alikuwa akisikiliza adhana kwa simu, mimi kwa redio ya kawaida jikoni, kituo kile kile. Simu ilichelewa sekunde 41. Niliipima mara nne. Sauti inayopita kwenye intaneti inakusanywa kwanza, inafungwa, inatumwa, inafunguliwa, ndipo inasikika. Hakuna wa kulaumiwa, lakini anayeacha kula kwa kusikiliza simu ajue anaongezewa matonge mawili.

Imamu, baada ya kunisikiliza yote haya, aliniuliza kwa upole kama kuna watu wengine duniani wenye mchezo huu au ni mimi peke yangu. Nikamsimulia habari za Mmarekani mmoja, Tom Van Baak, ambaye mwaka 2005 alipakia saa tatu za atomu za sesiamu kwenye gari la familia pamoja na watoto wake watatu, akapanda nazo mlima Rainier, wakalala huko siku mbili, wakashuka na kuzilinganisha na zilizobaki nyumbani. Zilizopanda zilikuwa zimetangulia nanosekunde 22, kama Einstein alivyosema, kwa kuwa mlimani mvuto ni hafifu zaidi. Sesiamu ndiyo inayotupa sekunde yenyewe tangu 1967: mapigo 9,192,631,770 yake ndiyo sekunde moja, kote duniani. Imamu akafikiri, akauliza: na hizo nanosekunde 22 alizifanyia nini? Nikasema hakuzifanyia kitu, alikuwa amewachukua watoto matembezi. Akacheka mpaka akashika mlango.

Ombi langu kwenu, Ndugu Mhariri, ni dogo. Mkichapa nyakati za sala, wekeni safu mbili, ya Unguja na ya Pemba, na ya Pemba ihesabiwe kwa longitudo na latitudo ya Pemba, siku kwa siku, isiwe ya Unguja iliyotolewa dakika mbili. Safu hiyo si kazi ya gharama. Mwalimu yeyote wa hesabati wa skuli ya sekondari akipewa fomula anaikamilisha kwa siku mbili. Mimi nimeshaihesabu ya mwaka mzima, iko kwenye daftari, kwa mwandiko wa mjukuu. Nitaileta ofisini kwenu bure, na naomba ikaguliwe na wanaojua kuliko mimi kabla haijachapwa, kwa sababu mtu aliyelilaza bomba lake milimita nne na nusu anaweza kulaza na mengine.

Ama ile saa ya Kaaba, siku ya pili yake vijana walikuja na ngazi waisawazishe. Niliwazuia mimi. Waliniona kituko, fundi saa anazuia saa kutengenezwa. Nikawaambia mkiirudisha nyuma leo na jedwali likabaki hili hili, misikiti yote miwili itaadhini pamoja, kwa sekunde moja, na yote itakuwa imechelewa. Watu watafurahi kwamba ugomvi umekwisha, na hakuna atakayewaandikia nyinyi barua tena. Ngazi imeegemezwa ukutani, saa iko mbele kwa dakika mbili na sekunde 50 na inaongeza nusu kila siku. Tunasubiri safu yetu.

Wenu,
Fundi saa mstaafu,
Chake Chake, Pemba